Wakala katuletea bima nane. Tukate zipi, tuache zipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwendesha kreni, nina miaka 38, mke na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la nne, mdogo hajaanza shule. Mwaka huu tumehamia kwenye nyumba yetu wenyewe baada ya kupanga kwa muda mrefu. Nyumba ni ya mkopo wa benki wa miaka 20, na rejesho la kila mwezi linachukua theluthi ya mshahara wangu. Mke wangu anashona nguo hapohapo nyumbani. Ana vyerehani vitatu na wateja wa kudumu, ila kipato chake leo kipo, kesho hakipo.

Benki haikutoa fedha mpaka tukakubali bima ya jengo. Hiyo waliikata wenyewe kwa kiasi cha mkopo, na tunailipa pamoja na rejesho. Nikadhani habari ya bima imeishia hapo. Wiki iliyopita akaja wakala, kijana mchangamfu, anajua kuongea. Akatutandazia karatasi yenye bima nane: bima ya jengo (anataka tuhamie kampuni yake), vitu vya ndani, bima ya dhima kwa watu wengine, bima ya maisha ya kufuta mkopo, ajali binafsi, bima ya kupoteza uwezo wa kufanya kazi, bima ya elimu ya watoto yenye akiba ndani yake, na ya mwisho ni ya vifaa vya umeme na vioo vya madirisha. Zote zikijumlishwa zinakula karibu moja ya tano ya mshahara. Hapo bado hatujala.

Mimi nilichukua kalamu nikafuta ile ya kupoteza uwezo wa kufanya kazi, kwa sababu ndiyo ghali kuliko zote. Nina nguvu zangu, sivuti sigara, na kazini tuna fidia mtu akiumia. Pia nikiugua nalipwa mshahara kamili kwa miezi mitatu, halafu nusu kwa miezi mitatu mingine. Badala yake nikaweka tiki kwenye ajali binafsi, ambayo ni nafuu sana. Mke wangu hakubali. Anasema hiyo niliyoifuta ndiyo ya kwanza kukata. Ananikumbusha mwenzetu mmoja wa kreni aliyepata kifafa usiku akiwa kwake amelala. Alitibiwa, anatembea, anacheka, ukimwona hutajua kama anaumwa. Lakini kreni haruhusiwi kuigusa tena, na fidia ya kazini hakupata kwa kuwa hakuumia kazini.

Kuna jambo jingine linanikwaza. Miaka mitatu iliyopita mgongo ulinisumbua, nikaenda kwa daktari mara kadhaa, nikapewa mazoezi ya viungo, nikapona. Fomu inauliza kuhusu mgongo. Wakala akasema, "Hiyo iache kaka, itatuchelewesha bure." Anataka tusaini kabla ya mwisho wa mwezi ili tupate punguzo.

Nishauri Shangazi. Tukate zipi, tuache zipi?

Baba Wawili

*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa nyumba.

Kabla ya kukujibu nimepiga hesabu ndogo. Rejesho ni theluthi ya mshahara kwa miezi 240. Maana yake nyumba hiyo, pamoja na riba yake, itakugharimu mishahara 80. Sasa tuseme utastaafu ukiwa na miaka 60. Kutoka leo mpaka siku hiyo kuna miaka 22, yaani mishahara 264. Ile mishahara 80 ya nyumba inatoka humohumo, pamoja na ada za shule, chakula na kila kitu. Wewe umekubali kuikatia bima ile 80 na kuiacha 264 bila kitu. Mkeo ameliona hilo bila kushika kikokotoo.

Kwa hiyo na mimi niko upande wake, ila sitaki ukate bima hiyo kwa sababu wanawake wawili wamekusema. Ielewe kwanza, maana ndiyo yenye mitego mingi kuliko zote nane.

Anza na kile ulichokitegemea. Fidia ya kazini hulipa mtu aliyeumia kazini, au aliyepata ugonjwa uliotokana na kazi. Ajali binafsi nayo hulipa ajali tu, na mara nyingi kwa jedwali: kidole kiasi hiki, jicho kiasi hiki, mguu kiasi hiki. Ugonjwa haumo. Sasa tazama watu wanaoacha kazi kabla ya wakati wanasumbuliwa na nini. Maumivu ya chini ya mgongo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwatia watu ulemavu. Mwaka 2020 walikadiriwa kuwa nayo watu milioni 619. Ujerumani, ambako bima ya kupoteza uwezo wa kazi imeenea miaka mingi, maradhi ya akili ndiyo yanaongoza kwa madai yanayolipwa, kisha mifupa, misuli na saratani, na ajali haifiki hata moja ya kumi. Ile bima ya bei nafuu uliyoiwekea tiki ni nafuu kwa sababu jambo inalolilipia hutokea mara chache. Kifafa cha mwenzenu kisingelipwa humo hata shilingi.

Sasa soma mkataba wa wakala wako ukitafuta sentensi moja: inayosema nani atahesabiwa kuwa ameshindwa kazi. Kuna mikataba inayosema "akishindwa kufanya kazi yake". Kuna inayosema "akishindwa kufanya kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wake". Na kuna inayosema "kazi yoyote ile". Kwenye karatasi ya matangazo zote tatu zinaitwa jina moja. Mpeleke mwenzenu wa kifafa kwenye kila mkataba uone. Wa kwanza unamlipa, kwa kuwa kreni hawezi tena. Wa pili unaanza mabishano: mbona anaweza kusimamia stoo? Wa tatu unamwambia akakae getini aandike namba za magari, na unafunga jalada. Wala haijalishi kama hiyo kazi ya getini ipo au haipo. Inatosha kwamba angeiweza.

Tofauti hii hata serikali zinaitumia kupunguza gharama. Hao hao Wajerumani, kuanzia mwaka 2001 mfumo wao wa hifadhi ya jamii uliacha kuwalipa waliozaliwa tangu Januari 2, 1961 kwa kigezo cha kushindwa kazi yao wenyewe. Sasa unauliza tu mtu anaweza kufanya kazi yoyote saa ngapi kwa siku: chini ya saa tatu anapata malipo kamili, saa tatu mpaka chini ya sita anapata nusu, sita na kuendelea hapati. Mwendesha kreni mwenye kifafa kilichotulia anaweza kukaa ofisini saa nane, kwa hiyo hapati. Ndiyo maana wengi kule hununua bima binafsi, na kiwango kilichozoeleka huko ni kwamba ukipoteza asilimia 50 ya uwezo wa kazi yako kwa miezi sita, unalipwa.

Chunguza pia kama mkataba unabadilika njiani. Ipo inayokupa "kazi yako" kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha inageuka "kazi yoyote". Miaka miwili ni michache mno kwa mtu aliyebakiwa na 22. Tena uliza moja kwa moja, na jibu lije kwa maandishi: nikinyang'anywa leseni ya kuendesha mitambo kwa sababu za kiafya, je, hilo peke yake linatosha kunihesabu nimeshindwa kazi? Kwa watu wa kreni, marubani na madereva, hilo ndilo swali zima.

Kuhusu bei, ni kweli ni ghali, na kwako ni ghali zaidi kuliko kwa karani, kwa kuwa kampuni hupanga ada kwa hatari ya kazi. Lakini kuna mahali pa kubana na mahali pa kuacha. Pa kubana ni muda wa kusubiri, yaani ile miezi inayopita kati ya kushindwa kazi na malipo ya kwanza. Wakala huwa anaandika muda mfupi kwa sababu unapendeza machoni na unaongeza ada. Wewe una mshahara kamili miezi mitatu na nusu mshahara miezi mitatu. Chagua kusubiri miezi sita, na ile nusu inayopungua muifidie kwa akiba. Mshahara mmoja na nusu ukiwa benki, usioguswa, unaziba pengo lote. Ada itashuka vizuri.

Pa pili pa kubana ni kiasi cha malipo. Kampuni nyingi hazikubali kulipa mshahara wote. Huishia kati ya asilimia 60 na 75, ili mtu asione raha kukaa nyumbani. Anza na rejesho la nyumba, weka chakula, shule na matibabu, kisha utoe kile mnachoweza kutegemea kwa mkeo mwezi mbaya, mwezi mzuri usiuhesabu. Kinachobaki ndicho cha kukatia bima. Usibane umri wa mwisho wa kulipwa. Mkataba unaokoma ukiwa na miaka 50 ni rahisi kwa sababu unakuacha katika umri ambao magonjwa yanaanza kuja. Uende mpaka umri wa kustaafu. Na malipo yawe yanapanda kila mwaka walau kidogo, maana kiasi kinachotosha leo hakitatosha baada ya miaka 15.

Sasa mgongo. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Andika. Andika mwaka, dalili, jina la daktari, mazoezi uliyopewa na tarehe uliyorudi kazini. Omba nakala ya faili lako la hospitali na uyaandike kama yalivyo humo, kwa sababu siku ya kudai, kampuni italiomba faili hilohilo na kulisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Bima tangu zamani inasimama juu ya ukweli wa anayeomba. Jaji Lord Mansfield wa Uingereza aliliweka hilo wazi mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm, na mpaka leo nchi nyingi zinalifuata, ingawa nyingine zimelilegeza kumlinda mteja wa kawaida. Hata palipolegezwa, swali likiulizwa waziwazi kwenye fomu lazima lijibiwe kwa ukweli. Ukificha, utalipa ada miaka kumi bila shida yoyote. Hakuna atakayekuuliza. Siku ukidai, hata kama unadai kwa sababu ya macho na si mgongo, huenda wakafuta mkataba mzima. Huyo kijana ataka kamisheni yake mwezi huu. Siku ya madai huenda hata hafanyi kazi hiyo tena, na saini kwenye fomu ni yako.

Ukiandika ukweli kuna mambo manne yanayoweza kutokea. Wanaweza kukukubali kama kawaida, kwa kuwa umepona miaka mitatu. Wanaweza kukuongezea ada. Wanaweza kukukubali lakini waseme mgongo haumo. Au wanaweza kukukataa. La tatu ndilo lenye kuuma kwa mtu wa kreni, lakini hata hivyo bado umefunikwa kwa moyo, saratani, macho, kifafa na maradhi ya akili, kwa hiyo usilitupe kwa hasira. Omba wakuandikie kwamba mgongo utaangaliwa upya baada ya muda fulani bila maumivu; zipo kampuni zinazokubali. Na kabla ya kupeleka maombi rasmi, tafuta dalali wa bima anayefanya kazi na kampuni kadhaa awaulize bila kutaja jina lako. Ukishakataliwa rasmi mahali pamoja, fomu za wengine zitakuuliza, "Umewahi kukataliwa?", na hapo napo utalazimika kujibu ndiyo. Wakikukataa wote, angalia bima ya magonjwa makubwa, inayolipa donge moja ukipatikana na ugonjwa ulioorodheshwa. Ni nyembamba zaidi, lakini kwako ingekuwa bora kuliko ajali binafsi peke yake.

Nimekaa sana hapo kwa sababu ndipo penye nyumba yenu. Nyingine tuzipitie.

Bima ya maisha ya kufuta mkopo: chukua, lakini chunguza sura yake. Uliza benki kwanza kama haimo tayari ndani ya mkopo. Mara nyingi imo na mkopaji hajui. Kama imo, uliza ililipiwaje. Kuna benki zinazochukua ada ya miaka yote kwa mkupuo, zikaijumlisha kwenye deni, nawe ukailipia riba miaka 20. Uliza pia inalipa lini. Nyingi hulipa kwa kifo na kwa ulemavu wa kudumu wa asilimia mia, ule wa mtu kulala kitandani, kwa hiyo isikudanganye kwamba imechukua nafasi ya ile ya kazi. Kiasi chake hupungua kadiri deni linavyopungua, na mnufaika ni benki. Ukifa, mkeo anabaki na nyumba isiyo na deni na mfuko mtupu. Mimi ningekata bima ya maisha ya muda, yaani inayolipa ukifa ndani ya miaka mliyokubaliana, ya kiasi kisichopungua, mkeo akiwa mnufaika, akafuta deni na kubakiwa na cha kulea watoto. Benki ikisisitiza iandikwe kwanza kwenye orodha ya wanufaika, sawa, mradi mkataba useme wazi kinachobaki kinakwenda kwa nani. Kwa mtu wa miaka 38 asiyevuta sigara, bima ya muda isiyo na akiba ndani yake huwa nafuu kuliko watu wanavyodhani.

Ile ya elimu ya watoto yenye akiba, iache. Nafahamu inavyogusa moyo mzazi akisikia jina la mtoto. Lakini imechanganya mambo mawili, bima kidogo na akiba kidogo, na miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya unacholipa hukatwa kwa gharama na kamisheni. Ukikwama mwaka wa tatu ukaivunja, utarudishiwa pungufu ya ulichoweka. Wewe una deni la miaka 20, lazima siku moja utakwama. Bima ya maisha ya muda inalinda shule yao ukifa, na akiba wekeni pembeni mahali mnapoweza kuifikia.

Jengo. Hapa kuna tatizo ambalo hukuliuliza, nami nimelishikia barua yako. Umesema benki ilikata bima kwa kiasi cha mkopo. Benki inalinda fedha zake, haina haja ya kulinda zaidi. Lakini kiasi sahihi cha bima ya jengo ni gharama ya kulijenga upya kuanzia msingi: vifaa, mafundi, mchoro, vibali, kubomoa na kuondoa kifusi. Bei ya kiwanja haihusiki, ardhi haiungui. Wala bei ya soko haihusiki. Na deni la benki halihusiki kabisa.

Kwa nini ni muhimu hata kama nyumba haitaungua yote? Kwa sababu mikataba mingi ina kifungu cha uwiano. Tuseme kuijenga upya kunagharimu 100, na bima imekatwa 60. Moto unaunguza jiko na nusu ya paa, hasara 30. Utasema 30 ni ndogo kuliko 60, kwa hiyo watalipa zote. Hawatalipa. Watasema umelipia asilimia 60 ya nyumba, nasi tunalipa asilimia 60 ya hasara, yaani 18. Kisha watatoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima huibeba mwenyewe. Ikiwa ni 2, inabaki 16. Nyumba imeharibika 30 nawe una 16 mkononi, na huenda benki ndiyo imeandikwa ya kwanza kuzipokea. Tena kila unapolipa deni, kama kiasi cha bima kinashuka nalo, uwiano unazidi kuwa mbaya. Tafuteni mthamini awape gharama ya kujenga upya kwa maandishi, pelekeni maandishi hayo benki, na muongeze kiasi cha bima. Irudieni kila baada ya miaka michache, na kila mnapoongeza chumba.

Soma pia majanga yaliyotajwa. Moto na radi huwamo. Mafuriko, tetemeko na maporomoko ya ardhi mara nyingi huongezwa kwa ada ya pekee. Mchwa, unyevu wa ukutani, bomba lililokuwa likivuja taratibu mwaka mzima, hivyo havimo popote. Hayo ni matengenezo. Nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60, kwa jinsi mkataba ulivyoandikwa, ulinzi wa wizi na maji hupungua au hukoma, kwa hiyo mkisafiri muda mrefu toeni taarifa. Kuhamia kampuni ya wakala si vibaya kama inatoa zaidi, lakini ya zamani isisitishwe mpaka mpya iwe imekubaliwa kwa maandishi na benki nayo imeridhia. Siku moja tu bila bima ni kuvunja masharti ya mkopo.

Dhima kwa watu wengine, kateni. Ukuta wenu ukimwangukia mpita njia, au mbwa akimng'ata mtoto wa jirani, kiasi mtakachodaiwa hakina mwisho unaojulikana, na ada yake ni ndogo. Angalia kwanza kama haimo ndani ya bima ya jengo au ya vitu vya ndani, usilipe mara mbili.

Vitu vya ndani inaweza kusubiri mwaka mmoja, kasoro jambo moja nitakalolisema chini. Mkiikata, uliza kama wanalipa bei ya kitu kipya au bei ya kitu kilichochakaa, na pigeni picha kila chumba, picha zihifadhiwe nje ya nyumba. Vifaa vya umeme na vioo, futa. Jokofu likifa mtakasirika, mtajibana miezi miwili, maisha yataendelea. Ajali binafsi futa pia, mkishapata ile kubwa.

Punguzo la mwisho wa mwezi lisikukimbize. Kwa bima ya miaka 22, wiki tatu za kusoma mkataba na kungoja faili la hospitali si kuchelewa. Mwambie kijana akuletee mkataba wenyewe, kurasa zote, na asipouleta umejua la kufanya. Ukifuata mpangilio huu sidhani mtafika moja ya tano ya mshahara. Mkizidiwa, punguzeni kiasi cha malipo ya kila mwezi kwenye ile ya kazi, lakini msiifute.

Lile jambo la mwisho ni la mkeo. Vyerehani vitatu na vitambaa vya wateja ni mali ya biashara, na bima ya kawaida ya vitu vya ndani huwa haivitambui au huvilipa kiasi kidogo sana. Hata bima ya jengo inaweza kuleta ubishi kama kampuni haikuambiwa kwamba ndani kuna watu wanashona na pasi zinawaka mchana kutwa. Toeni taarifa sasa kwa barua, mbaki na nakala, na muombe nyongeza ya vifaa vya kazi na mali za wateja. Na yeye naye ana mikono na macho yanayoleta fedha nyumbani. Aliyejiajiri hana miezi mitatu ya mshahara wa ugonjwa. Akiumwa kidole gumba leo, kipato kinakoma leo. Mkienda kwa dalali, mwende wote wawili, na maswali niliyokuandikia ayaulize yeye kwa upande wake, kuanzia lile la "kazi yake" au "kazi yoyote". Ataambiwa kuwa kipato kisicho na hati ya mshahara hakikatiwi bima. Aende na daftari la wateja na taarifa za benki za miaka miwili au zaidi, ndizo watakazotaka kuona.

Shangazi